Samaki na lebo yake: jibu kwa mhadhiri kijana wa Tanga

Mhadhiri msaidizi mmoja wa hapa Tanga, aliye katika mwaka wake wa tatu wa kufundisha, ameniandikia hivi: "Shikamoo Profesa. Wanafunzi wangu wanasikiliza mihadhara ya vyuo vya Marekani na India kwenye simu. Madesa yangu yanasambaa katika makundi ya WhatsApp kabla sijaingia darasani. Tangu programu za akili unde zifike, insha ninazopokea hazina hata kosa moja la sarufi, lakini siamini kama kuna aliyeziandika. Maktaba yetu ni chumba kimoja. Nimebaki na kazi gani? Na je, sisi tulio mbali na vyuo vikubwa tunaweza kuzalisha maarifa, au teknolojia hii imetufanya kuwa wapokeaji hodari zaidi tu?"

Marahaba, mwalimu. Umeuliza mambo mawili, na kwa kawaida hujibiwa na watu wawili tofauti: la kufundisha huachiwa wataalamu wa elimu, na la kuzalisha maarifa huachiwa watafiti. Mimi nimefanya kazi ya maktaba na nyaraka kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo nayaona kuwa jambo moja. Kwa ufupi, teknolojia ya habari imelifanya jibu lipatikane kwa urahisi, na kitu kinachopatikana kwa urahisi hushuka bei. Kilichopanda bei ni njia iliyolizaa jibu hilo: nani aliona, wapi, lini, kwa kipimo gani, na ana sababu gani ya kuamini alichokiona. Kazi yako imehamia huko, darasani na katika utafiti pia. Nitaanza na samaki ambaye wanafunzi wako wanamfahamu kuliko wanafunzi wa chuo chochote cha Marekani.

Mwishoni mwa mwaka 1938, katika mji wa East London huko Afrika Kusini, msimamizi wa makumbusho ndogo aliyeitwa Marjorie Courtenay-Latimer aliona miongoni mwa samaki wa meli ya uvuvi mmoja asiyemtambua. Alimchora, akaandika vipimo vyake, akatuma mchoro huo kwa posta kwa mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith. Barua ilifika zaidi ya wiki moja baadaye, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kumhifadhi samaki mkubwa kiasi hicho kwenye baridi, viungo vyake vya ndani vilikwisha kutupwa. Alikuwa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu zama za dinosaria. Ilibidi wangoje hadi mwaka 1952, alipopatikana wa pili katika visiwa vya Komoro, ndipo waweze kuchunguza kilichokosekana kwa yule wa kwanza.

Sasa njoo huku kwetu. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa pwani ya Tanga, wanaotega majarife kwenye maji ya kina, walianza kumnasa silikanti mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mvuvi wa leo akimpata, simu iliyo mfukoni mwake inaweza kupiga picha na kuituma Dar es Salaam au Tokyo kabla ngalawa haijafika ufukweni. Siku zile za barua ya mwaka 1938 zimefutika kabisa, na hayo ndiyo mageuzi ambayo kila mtu huyazungumzia. Lakini jiulize, picha hiyo ikifika Tokyo bila kitu kingine, inamfaa nini mtafiti? Inamwambia kwamba samaki yupo, jambo ambalo tayari analijua. Kinachomfaa ni kina cha maji ambako jarife lilitegwa, saa ya kunaswa, ukubwa wa matundu ya wavu, urefu na uzito, na kipande cha nyama kilichohifadhiwa vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ukiongozwa na wanasayansi wa Japani, ulionyesha kwamba silikanti wa pwani ya kaskazini ya Tanzania ni kundi lenye tofauti za kijeni na wale wa Komoro. Mashine za kusoma jeni zilikuwa ng'ambo, ni kweli, na hilo linauma. Hata hivyo utafiti huo usingewezekana kama hapa ufukweni hapangekuwa na watu waliohifadhi nyama na kuandika kila samaki alikotoka. Samaki asiye na lebo ni kitoweo, tena kibaya, kwa maana wanaomjua wanasema nyama yake haina ladha.

Neno hilo, lebo, nitalitumia hadi mwisho wa jibu hili, kwa hiyo nilieleze kwa mfano mwingine wa mkoani kwetu. Kituo cha Amani kilichoko Usambara Mashariki kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya utafiti wa kilimo na mimea. Kila mmea uliokaushwa ulibandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni ikawekwa lebo yenye jina la mkusanyaji, tarehe, mahali na pengine mwinuko kutoka usawa wa bahari. Karatasi nyingi za Afrika Mashariki zilipelekwa Berlin, na mwezi Machi 1943 mabomu yakaiteketeza sehemu kubwa ya mkusanyiko huo. Nyingine zilinusurika kwa sababu nakala zake zilikuwa zimegawanywa mahali pengine. Mkusanyiko wa Amani wenyewe ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, nao ndio kiini cha hebaria kubwa, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, iliyoko huko hadi leo. Ua dogo la zambarau linalopambwa madirishani kote Ulaya, ambalo Wazungu walilipa jina la ukoo wa Saint Paul, lilitoka kwenye milima hiyohiyo. Ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelikusanya mwaka 1892 na kulipeleka kwao.

Kwa karibu karne nzima, mwanafunzi wa Muheza aliyetaka kuona mimea ya mlima ulio nyuma ya nyumba yao alihitaji pasipoti. Leo hebaria nyingi za Ulaya zimepiga picha karatasi zake na kuziweka wazi, na kuna hifadhidata ya kimataifa ya viumbe hai, GBIF, iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bila malipo. Hapo ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Ukizisoma lebo hizo utakuta majina ya mahali yaliyoandikwa kwa masikio ya Kijerumani, vijiji vilivyobadilishwa herufi, na mara nyingi hapana jina la mmea kwa Kisambaa wala Kibondei. Mtaalamu wa Berlin hana namna ya kulisahihisha hilo. Mwanafunzi wako ambaye bibi yake anaishi Kwamkoro anaweza kulisahihisha siku ya Jumamosi, kwa simu yenye kinasa sauti na daftari la shilingi mia chache. Umbali wako na vyuo vikubwa ni hasara pale unapotaka mashine za bei kubwa, lakini pale maarifa yanapohitaji mtu aliyekaa karibu na kitu chenyewe, wewe ndiye uliyeko katikati na wao ndio walioko pembezoni.

Nirudi darasani, kwa kuwa huko ndiko unakoumia kila wiki.

Mihadhara ya bure kwenye simu isikutishe, maana tuna uzoefu nayo wa zaidi ya miaka ishirini. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka vifaa vya masomo yake yote kwenye intaneti bila malipo. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford kilifungua somo moja la akili unde kwa ulimwengu mzima, wakajiandikisha watu wapatao 160,000, na waliofika mwisho walikuwa kiasi cha 20,000 na ushei. Wengine huitaja hesabu hiyo kwa kejeli. Mimi naitazama kwa namna mbili. Watu 20,000 ni wengi kuliko mhadhiri yeyote atakaowafundisha maishani mwake, na hilo ni jambo la heshima. Lakini wale 140,000 hawakukosa mhadhara, kwa sababu mhadhara walikuwa nao mkononi. Walikosa mtu wa kuwauliza wamefikia wapi.

Sisi Watanzania tulilijua hilo kabla ya intaneti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuzinduliwa rasmi mwaka 1994, kikafungua vituo mikoani, Tanga ikiwemo, wakati ambapo somo lilisafiri kwa vitabu na bahasha. Nimewahi kusahihisha kazi za wanafunzi wa masafa wa miaka ile. Waliokuwa wakiendelea vizuri hawakuwa wale wenye vitabu vingi. Walikuwa wale waliokutana na wenzao Jumapili mchana chini ya mwembe na kubishana juu ya swali la tatu, halafu wakaniletea ubishi wao pembeni mwa karatasi, kwa wino tofauti. Nilijifunza kusoma pembezoni mwa karatasi kabla ya kusoma jibu, na tabia hiyo imenifaa hadi leo.

Kwa hiyo ukiulizwa saa yako ya darasani itumikeje, ushauri wangu ni kwamba kile kinachoweza kusikilizwa nyumbani kisikilizwe nyumbani, na saa mnayokaa pamoja itumike kwa kile ambacho simu haiwezi. Hapa naomba utafakari gharama, kwa sababu wanaotoa ushauri huu huko nje hawanunui vifurushi kwa mkopo wa mwezi. Mhadhara wa saa moja kwa video hula mamia ya megabaiti. Mhadhara huohuo kwa sauti tupu, ukirekodiwa kwa ubora wa chini unaotosha sauti ya mtu mmoja, hauzidi megabaiti 15 hivi, na ukiambatana na kurasa mbili za maandishi yenye michoro, mwanafunzi hapotezi kitu cha maana. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zifike Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, intaneti yetu imekuwa ya kasi na nafuu kuliko zama za setilaiti, lakini "nafuu" ya takwimu za nchi si nafuu ya binti anayekaa gheto Chumbageni na kusubiri bumu.

Kuhusu makundi ya WhatsApp sitakuambia uyafunge, maana ndiyo yanayofanya kazi. Tatizo lake ni moja na ni kubwa: hayana lebo. Faili hutumwa, hunakiliwa, hubadilishwa jina, na kufikia mwezi wa pili wa muhula hakuna anayejua lipi ni toleo la mwisho. Simu ikiibwa, muhula mzima umeibwa. Kama chuo chenu kina Moodle, mfumo huria wa kuendeshea masomo mtandaoni ulioanzishwa na Mwaustralia Martin Dougiamas mwaka 2002 na unaotumiwa na vyuo vingi vya nchi yetu, basi kundi libaki kuwa mahali pa kupigiana kengele na Moodle iwe mahali pa kuweka vitu. Ina programu ya simu inayomruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa chuoni na kulisoma nyumbani bila bando, nayo huandika nani aliwasilisha nini na saa ngapi.

Sasa tuje kwenye hizo insha zisizo na kosa.

Programu ya ChatGPT ilitolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na tangu hapo nimesikia wahadhiri wakizungumza kama watu walioibiwa. Ni vizuri kwanza tuelewe inachofanya. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno ili ikisie kipande cha neno kinachofuata, na inakisia vizuri kiasi kwamba matokeo husomeka kama fikra. Peke yake haifungui kabati na kutoa kitabu. Ukiitaka rejea na haina mahali pa kutafuta, itakutungia kitu chenye sura ya rejea, chenye mwandishi, mwaka na kurasa. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha mahakamani hukumu ambazo programu hiyo ilikuwa imezitunga. Matoleo ya karibuni huweza kutafuta mtandaoni na kuonyesha viungo, na hilo limepunguza tatizo bila kuliondoa, kwa kuwa kiungo kinaweza kuwa cha kweli na dai lililobandikwa juu yake lisiwemo ndani yake.

Umeniuliza pia, katika barua yako ndefu ambayo sikuinukuu yote, kama chuo kinunue programu ya kugundua maandishi ya mashine. Nakusihi usimhukumu mwanafunzi hata mmoja kwa programu hiyo. Kampuni ya OpenAI, ambayo ndiyo iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kigunduzi chake Januari 2023. Kwa vipimo vyake yenyewe kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na asilimia 9 ya maandishi ya binadamu kiliyasingizia kuwa ya mashine. Kiliondolewa Julai mwaka huohuo. Mwaka 2023 pia watafiti wa Stanford walivijaribu vigunduzi saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, ilhali ziliandikwa na watu. Sababu inaeleweka: vigunduzi vingi hutazama kama maneno yanatabirika, na mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunzia shuleni hutumia maneno yanayotabirika. Mwanafunzi wako wa Kidigo, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili na Kiingereza ya tatu, ndiye atakayeonewa kwanza.

Dawa ninayoijua ni ya zamani, na watu wa Tanga hawahitaji kuletewa kutoka ng'ambo. Aliyekaa chuoni, namaanisha vyuo vyetu vya Kurani na elimu ya dini vilivyoenea pwani hii, anajua maana ya isnadi. Wanachuoni wa hadithi hawakuridhika na uzuri wa neno. Waliuliza, umelisikia kwa nani, naye kwa nani, na je, walikutana? Neno tamu lenye mlolongo uliokatika liliwekwa kando. Hata usomaji wenyewe ulithibitishwa kwa mwanafunzi kukaa mbele ya shehe na kusoma kwa sauti, shehe akimsikiliza na kumsimamisha. Simaanishi kwamba insha ya sosholojia ni hadithi ya Mtume. Nasema kwamba utamaduni wetu una njia iliyokamilika ya kupima kauli kwa mapito yake, na kwamba njia hiyo imekuwa ya lazima tena sasa ambapo uzuri wa sentensi hauthibitishi kitu.

Kwa vitendo, maana yake ni kwamba alama zihamishwe. Kazi ya muhula yenye alama 40, kwa mfano, usiitolee alama zote kwenye insha ya mwisho. Toa 10 kwa daftari la usomaji, ambamo mwanafunzi ananakili kifungu kutoka kila chanzo pamoja na ukurasa wake na kueleza kwa lugha yake, ikiwezekana Kiswahili, kwa nini kinamsaidia au kinampinga. Toa 10 kwa rasimu mbili zenye tarehe, pamoja na aya moja inayoeleza alibadilisha nini kati ya ya kwanza na ya pili. Toa 10 kwa insha yenyewe. Zilizobaki zitolewe kwa mahojiano ya mdomo ya dakika tano, ukiwa na insha yake mezani. Muulize maswali madogo yasiyo ya mtego: kwa nini ulianzia mwaka 1961 na si 1967? Mwandishi huyu unayemtaja ukurasa wa tatu, ulikubaliana naye kwa lipi? Aliyeandika atajibu hata akigugumia, na asiyeandika utamjua ndani ya dakika mbili bila kumtuhumu kwa lolote, kwa sababu humuulizi kama ameiba. Unampa alama kwa anachokijua.

Najua utasema huna muda. Darasa la wanafunzi 60 kwa dakika tano kila mmoja ni saa tano, muda ambao bila shaka huwa unaupoteza kwa hasira ukisahihisha insha 60 zinazofanana. Darasa la wanafunzi 300 ni saa 25, na hilo haliwezekani kwa mtu mmoja. Huko piga kura, uwaite 40 kwa bahati nasibu, kila mmoja akijua tangu wiki ya kwanza kwamba anaweza kuitwa. Si njia kamilifu. Mwanafunzi mwenye haya au mwenye kigugumizi anaumia, na kwake ruhusu maandishi mafupi mbele yako badala ya kuzungumza.

Wala usiwakataze kutumia akili unde moja kwa moja, maana katazo usiloweza kulisimamia huwafundisha udanganyifu tu. Waambie waiandike kama chanzo kingine chochote: niliuliza nini, ikajibu nini, nikathibitisha wapi. Nimewahi kumpa mwanafunzi wa uzamili zoezi la kuichunguza aya moja tu iliyotoka kwenye mashine, akitafuta kila dai lilikotoka. Lilimchukua siku nne na akajifunza kutumia maktaba kuliko alivyojifunza kwa miaka mitatu ya shahada ya kwanza.

Chumba chako kimoja cha maktaba nacho si kidogo kama unavyodhani. Kupitia mpango wa Research4Life, ambao sehemu yake ya kwanza, ya afya, ilianza mwaka 2002, taasisi za nchi kama yetu husoma maelfu ya majarida ya kulipia kwa bure au kwa ada ndogo, ila ni lazima taasisi ijisajili na mtu apewe jukumu la kutunza nywila. Mara nyingi nimekuta chuo kimesajiliwa, na nywila anaijua mtu mmoja aliyekwisha kustaafu. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, inakuonyesha kinachochapishwa barani kwetu. Zotero, programu ya bure ya kutunza rejea iliyotolewa mwaka 2006, ndiyo ninayomfundisha kila mwanafunzi kabla ya kitu kingine, kwa kuwa humlazimisha kuweka lebo kwenye kila anachosoma siku ileile anapokisoma.

Lakini uliuliza kuhusu kuzalisha, si kusoma tu. Nimeona katika chuo kimoja tasnifu za miaka ishirini zimefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya katani, zimepangwa juu ya kabati, na panya wameanza na sura za mapitio ya maandiko. Kila moja ilikuwa na mahojiano, vipimo au takwimu za vijiji vyetu ambazo hazitapatikana tena. Programu huria ya DSpace, ya kujengea hazina za kidijitali za kazi za chuo, ilitolewa mwaka 2002, na vyuo kadhaa vya Tanzania vina hazina hizo. Kupiga picha kurasa ni kazi ya kijana mmoja na mashine moja. Sehemu ngumu, na ndiyo wanayoiruka, ni maelezo yanayoambatana na faili: kijiji gani, wilaya gani, mwaka gani data ilikusanywa, lugha gani ilitumika kuhoji. Tasnifu iliyopandishwa kwa jina la "Scan_0047" imehamishwa kabati tu. Ongeza ikisiri kwa Kiswahili, ili mvuvi au mkulima aliyehojiwa, ambaye leo naye ana simu, aweze kuipata na kuona kilichosemwa juu yake.

Hilo la mwisho silisemi kwa mapambo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, naye aliandika sehemu kubwa ya maelezo marefu juu ya desturi za Waswahili. Kitabu kilipotoka mwaka 1903, ukurasa wa jina ulimtaja mwalimu wa Kijerumani Carl Velten. Ilipofika mwaka 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipoliweka jina la Mtoro kwenye kichwa cha kitabu. Alikuwa amekwisha kufariki Berlin mwaka 1927. Kazi yake haikupotea. Kilichokatwa ni lebo, na kuirudisha kulichukua miaka 78. Sasa zifikirie sauti za wazee ambazo wanafunzi wako watazirekodi. Zikitupwa mtandaoni bila jina la msemaji, bila ridhaa yake na bila masharti ya matumizi, zitachukuliwa na yeyote, zikiwemo kampuni zinazofunza mashine, na hapatakuwa na Allen wala mwingine wa kuja kuirudisha lebo. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022. Isome kabla ya kuwatuma vijana uwandani, na uandae fomu ya ridhaa ya Kiswahili chepesi inayomwuliza mzee maswali mawili tofauti: kama anakubali kurekodiwa, na kama anataka jina lake litajwe. Wengi, kwa uzoefu wangu, hutaka litajwe, tena pamoja na la baba na babu.

Kwa uchapishaji sina mengi. Majarida ya kulipia haraka yanayokuandikia barua za sifa usiku wa manane yakwepe. Jisajili ORCID, kitambulisho cha watafiti kilichopo tangu mwaka 2012, kwa sababu wenye majina kama yetu, ya Juma na Hassan na Mwanaidi, huchanganywa mno katika hifadhidata. Na data yako ihifadhi mahali inapopewa kitambulisho cha kudumu, ili anayeitumia Japani alazimike kukutaja hata kama makala ya mwisho hukuiandika wewe.

Muhula ujao usibadilishe kila kitu. Chagua darasa moja, lenye watu wasiozidi 30, na uwape kazi hii: kila mmoja atafute kwenye hifadhidata ya wazi karatasi tatu za mimea iliyokusanywa Usambara au pwani ya Tanga, asome lebo zake, atambue mahali palipotajwa kwa jina la leo, kisha amwulize mtu mzima wa kwao mmea huo unaitwaje na unatumika kwa nini, kwa ridhaa iliyoandikwa. Alete sauti, tarehe, daftari na picha. Mimi ninayo picha ya karatasi moja ya Amani ambayo jina la kijiji chake nimeshindwa kulisoma kwa miaka sita. Nitaituma kwako kwa barua pepe, na anayeitambua aandike jina lake chini yake.